Kuhusu Ile Habari ya Mimi na Sungusungu

Wadau, tangu jana simu yangu haijapoa. Kuna mtu, simtaji, ila anajijua na bado ana elfu ishirini yangu, amesambaza kwamba "sungusungu walimvua suruali barabara ya Segera kwa sababu ya kuni za watu." Mama mdogo kanipigia kuuliza dhamana ni shilingi ngapi. Basi acheni niseme mwenyewe.

Suruali ilivuka, sikatai. Kuni nazo zilikuwepo.

Tulikuwa tunakwenda Tanga kwenye shughuli ya binamu. Tumeshaipita Mkata, shangazi akapiga: kuni za pilau hazitoshi, chukueni hukohuko njiani. Mbele kidogo, penye tuta, watoto wawili wamepanga mizigo yao. Na msidhani wamekaa pale kwa bahati mbaya. Pale hata dereva mwenye haraka zake lazima apunguze mwendo na akutane nao macho kwa macho.

Binti kama wa miaka kumi na moja, na mdogo wake kibogoyo wa meno ya mbele. Kuni zimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, hesabu zinaandikwa nyuma ya daftari kuukuu, pembeni ya jedwali la kuzidisha.

"Shikamoo anko. Mzigo elfu mbili."

"Marahaba. Elfu na mia tano."

"Anko, haya ndiyo madaftari yetu ya Januari."

Yule mdaiwa wangu akacheka garini. Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Nikaona nyuma, chini ya mti, kuna mzigo umelazwa peke yake, mnene kuliko yote. Nikajua wananificha kitu kizuri.

"Nipe ule."

"Ule hapana, anko. Una wenyewe."

"Wenyewe wako wapi?"

"Wamo ndani."

Nikaitazama nyumba ya udongo iliyokuwa nyuma yao. "Kawaite."

Mdogo mtu akaziba mdomo. Dada akajibu, kwa adabu zote, "Hawaitwi, anko."

Mimi mtoto wa mjini nizidiwe ujanja na mtoto wa darasa la tano? Nikaenda nikaukalia ule mzigo, nikakunja nne kama mwenyekiti wa kijiji, nikatangaza kwamba siondoki mpaka hao wenyewe watoke.

Wakatoka.

Kwanza kitu kikatembea kwenye soksi. Nikasema nyasi. Kikafika gotini. Nikasema jasho. Ndiyo, jasho, linapanda, mnicheke tu. Kikaendelea mpaka mahali ambapo siwezi kupataja kwa sababu shangazi anasoma hapa. Kikatulia. Na mimi nikatulia. Nikamtazama binti, naye akanitazama kwa huruma, kama nesi aliyeshika sindano.

Sungusungu (wale weusi wa miguu sita, si wale wa virungu) naamini huwa wanasubiriana. Walipotimia, wakang'ata kwa pamoja.

Mikono ilifika kwenye mkanda kabla ya akili. Mkanda mpya wa Kariakoo, ukagoma. Nikaruka kwa mguu wa kulia, nikaruka kwa wa kushoto, nikaita majina ya mababu ambao sikujua kama nawakumbuka. Mkanda ukaachia, suruali ikashuka, ikakwama kwenye viatu. Na mimi nimeinama hivyo, bukta ya ndizindizi imeelekea barabarani, basi la Arusha likafika penye tuta.

Likapunguza mwendo. Si ndiyo kazi ya tuta?

Dirisha moja baada ya jingine, taratibu, nyuso zote zimenigeukia. Kuna bibi alimfunika mjukuu macho halafu yeye akaendelea kutazama. Kondakta akaning'inia mlangoni: "Kaka, na hiyo suruali bei gani?"

Binti alikuja na tawi akanipukuta mapaja kama mkeka. "Si nilikwambia una wenyewe?"

Nikachukua mizigo mitano, elfu kumi, sikupunguziwa hata mia. Tanga tulifika, pilau ikaiva, nikala nimesimama.

Ila kabla hatujaondoka, binti alifungua daftari lake, akanong'ona hesabu, akaja dirishani.

"Anko, bado elfu moja."

"Ya nini tena?"

"Ule mzigo wa wenyewe. Umeukata mpira."

Nikalipa, suruali bado nimeipakata mapajani.