Hesabu ya tajiri na hasira za dereva wa daladala

Abiria wa Dar es Salaam tuna kesi ndefu na madereva na makonda wa daladala. Matusi, kukatisha ruti, kumsukuma mwanafunzi aliyeshika mlango, kuondoa gari wakati mama mjamzito hajakaa. Malalamiko hayo ni ya kweli, na anayezungumzia afya ya akili ya madereva bila kuyataja anawaonea walioumizwa. Ila upo upande ambao mjadala wetu huuruka. Dereva naye anashinda katikati ya fujo tangu alfajiri hadi usiku, na nyingi hakuzianzisha yeye.

Tuanze na pesa, maana ndiko yanakoanzia mengi. Gari si lake. Anapokabidhiwa funguo asubuhi tayari anadaiwa hesabu ya tajiri, yaani mwenye gari, kiasi walichopatana kwa siku, mvua inyeshe, jua liwake. Juu ya hapo kuna mafuta, pancha, chakula, cha konda na cha wapiga debe. Kinachobaki ndiyo riziki yake, na zipo siku hakibaki kitu. Foleni ikimshikia Barabara ya Mandela saa nzima, hesabu haipungui hata shilingi. Akipeleka pungufu mara mbili tatu, gari anapewa mwingine, kwani vituoni hawakosekani madeiwaka, madereva wa kushikia gari kwa muda, wanaosubiri mtu achoke au afukuzwe.

Simama mlangoni mwa daladala asubuhi uone hesabu hiyo inavyofanya kazi. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilipopandisha nauli Desemba 2023, mtu mzima akawa analipa shilingi 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10, mwanafunzi akabaki kwenye 200. Wanafunzi watatu wanaleta fedha ya mtu mzima mmoja. Ni haki kabisa mtoto wa shule alipe kidogo, lakini punguzo lile halitoki serikalini wala kwa tajiri. Linakatwa kwenye mfuko wa dereva na konda, na mkono unaomzuia mtoto mlangoni unaanzia hapo. Konda anayemsukuma mtoto anastahili kuwajibishwa, simtetei hata kidogo. Ninachosema ni kwamba tukishamwadhibu huyo, wa kesho atakuta hesabu ileile. Faini ya trafiki nayo ni 30,000 kwa kosa moja, yaani nauli za watu wazima 50. Dereva aliyeandikiwa saa nne asubuhi anaanza kukimbizana kuirudisha, na abiria waliomo ndani ndio wanaokimbizwa naye.

Fujo nyingine zinamjia kutoka nje. Mpiga debe ambaye hakupewa chake anapiga bodi, anang'oa wiper au anamvuta konda shati. Abiria anayedai chenji anamtukania mama yake. Dereva mwenzake anamchomekea kwa makusudi ili amuwahi kituoni. Iko pia hofu ambayo haitajwi sana, hofu ya wananchi wenye hasira. Kwenye taarifa nyingi za ajali tunasoma kuwa dereva alikimbia baada ya tukio, na wengi wetu tunahitimisha kuwa amekimbia sheria. Wapo wa namna hiyo. Wapo pia wanaokimbia mawe na marungu, kwa sababu wanajua watu hawatauliza nani alikuwa na makosa. Majeruhi anabaki chini bila msaada wa mtu aliyekuwa karibu naye kuliko wote, na dereva anaondoka na picha ya yule mtu kichwani.

Mwili na akili vina mpaka wa kubeba haya. Mtafiti Matteo Rizzo, aliyewafuatilia wafanyakazi wa daladala Dar es Salaam tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, alikuta wengi hawana mkataba na siku yao ya kazi inafika saa 15. Zidisha kwa siku sita upate saa 90, wakati Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Na huo ni mwili tu. Mtu anayepata usingizi wa saa nne tu, anayetukanwa mchana kutwa na kurudi nyumbani watoto wamelala, hahitaji kuwa mkorofi wa kuzaliwa ili apandishe hasira kwa neno dogo. Wengine wanazituliza kwa pombe kali, wengine mkewe ndiye anayezipokea. Vijiweni hukuti anayesema "nina sonona". Utasikia "nimevurugwa", wenzake watacheka, gari litajaa, ataondoka.

Wenye magari nao wana hoja, na si za kupuuza. Wengi si matajiri kama wanavyoitwa. Ni watumishi, wastaafu na wafanyabiashara wadogo walionunua gari kwa mkopo, na benki haipunguzi marejesho kwa sababu ya foleni. Wanasema dereva wa mshahara hatahangaika kutafuta abiria, na kwamba bila tiketi ya kuaminika hawana namna ya kujua gari limeingiza nini. Tena wapo madereva wanaoipenda hesabu: siku ikikubali, kinachozidi ni chao na hakuna bosi wa kuwaamrisha. Anayetaka mfumo ubadilike lazima awajibu hawa nao.

Tusidanganyane pia kwamba mshahara peke yake ungemaliza kazi. Kenya, kanuni za usafiri zilizopewa jina la waziri John Michuki na kuanza kutumika 2004 zilitaka madereva na makondakta wa matatu waajiriwe kwa mishahara ya mwezi, lakini kazi ya kutwa na ya kushika squad, yaani kumshikia dereva mwingine gari kwa tripu chache, haijaisha. Hapa kwetu madereva waligoma Aprili na tena Mei 2015, na mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao. Mkataba unaoandikwa ili kupata leseni ya gari kisha ukafungiwa kabatini haumsaidii mtu. Na dereva wa mwendokasi, mabasi yenye njia yake maalumu, asiyedaiwa hesabu hajaepuka fujo: mwanzoni mwa Oktoba 2025 abiria waliochoka kusubiri waliyarushia mawe mabasi hayo, na nyuma ya kioo alikuwepo mtu ambaye hakupanga ratiba wala kuagiza mabasi.

Kwa hiyo swali ninaloona la msingi ni nani anabeba siku mbaya. Leo anaibeba dereva peke yake, na akielemewa anaishusha kwa konda, konda kwa mwanafunzi. Kima cha chini kisichoguswa hata gari likiingiza kidogo, pamoja na asilimia ya mapato, kingemwachia dereva sababu ya kutafuta abiria bila kumfanya alale na deni. Wasiwasi wa wizi unajibika: mabasi ya mikoani yameingia kwenye tiketi mtandao, na sioni kwa nini daladala zishindikane. Pengo la nauli ya wanafunzi libebwe na serikali iliyolipanga, walau kwa kupunguza tozo za magari yanayowabeba.

Liko na jambo lisilohitaji kusubiri mageuzi hayo. Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva Juni 2019, unahesabu unyanyasaji wa wateja na watu wa nje kuwa ukatili wa kazini na unawalinda wafanyakazi bila kujali hali ya mkataba wao. Pendekezo linaloambatana nao linataja usafirishaji kati ya sekta zenye hatari zaidi. Kwetu, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unategemea mwajiri amwandikishe mtu na kumchangia. Deiwaka aliyepokea gari Mbagala kwa tripu tatu hayumo kwenye daftari lolote. Akipigwa jiwe la kichwa, au akagonga mtu na kushindwa kulala tangu siku hiyo, tajiri atasema dereva wake ni mwingine. LATRA tayari inawasajili na kuwathibitisha madereva wa magari ya biashara. Usajili huohuo ungetumika kumtambua aliyeshika usukani siku hiyo na mwenye gari aliyemkabidhi, ili fidia na matibabu yake yawe na mtu wa kudaiwa.