Kutupa si kutosa

Wanafunzi ninaowafundisha Kiingereza hapa Bagamoyo huniletea kitenzi "jettison" kikiwa kimeshapewa maana na kamusi zao ndogo: tupa. Siridhiki na maana hiyo hata kidogo. Maganda ya ndizi hutupwa. Kitenzi hiki, kwa asili yake, chataka kitu chenye thamani ambacho mwenyewe angependa kibaki, lakini anakiacha kwa kuwa kukishikilia kungeangamiza vyote.

Neno hili limetoka baharini. Shina lake ni Kilatini "jactare", yaani kurusha, nalo lilipitia Kifaransa cha zamani likaingia katika Kiingereza kama nomino, kwa maana ya tendo la kutosa shehena ili chombo kilichoelemewa kiwe chepesi. Kitenzi kilifuata baadaye sana, katika karne ya 19. Sheria za Kirumi zilizokusanywa mwaka 533, enzi za mfalme Justinian, zina sehemu nzima kuhusu jambo hili, nayo inaitwa kwa jina la kisiwa cha Rhodes: mali ikitoswa ili kuokoa chombo, hasara yake huchangiwa na wote ambao mali zao zimepona. Kanuni hiyo ingali inatumika katika usafirishaji wa meli hadi leo, na mimi naiona kuwa ya haki kabisa.

Nahodha mmoja mstaafu alinisimulia walivyokumbwa na kusi wakielekea Unguja, maji yakijaa ngamani, wakaanza na magunia ya mkaa yaliyokuwa juu.

"Kwa hiyo mliyatupa, babu?" nikamuuliza.

"Hatukutupa, mjukuu wangu. Tulitosa."

Siku hizi Waingereza hulitumia neno lao hata nchi kavu: chama huacha hivyo sera iliyokuwa mzigo kwake, na rubani humwaga hivyo mafuta kabla ya kutua kwa dharura. Vijana wetu nao husema "amenitosa" mchumba akimwacha mwenzake, ingawa hapo sioni kinachookolewa.

Wiki iliyopita niliwaambia wanafunzi wafute "tupa" katika madaftari yao, waandike "tosa". Binti mmoja wa dawati la mbele akaongeza pembeni, kwa penseli: ili chombo kisizame.