Usiruke Wimbo Ule wa Mvua

Jumamosi usiku tulikuwa sebuleni tunatazama filamu ya nyimbo, Singin' in the Rain. Mwigizaji Gene Kelly ameagana na msichana mlangoni, teksi ameiambia iende zake, anaanza kutembea kwenye mvua. Mgeni wetu akachukua rimoti akapeleka mbele. "Hapa anaimba tu," akasema, "hadithi iko huko mbele." Nilinyamaza kwa kuwa ni mgeni, lakini iliniuma na bado inaniuma.

Anaimba tu? Hadithi ndiyo hiyo! Ni 1927, filamu zimeanza kutoa sauti, na nyota huyu aliyezoea kulinda sura yake mbele ya mashabiki anaona kazi inazama. Sasa anafunga mwavuli kwa hiari yake, anadandia nguzo ya taa, anasimama chini ya bomba la paa maji yammwagikie usoni, anarukaruka kwenye dimbwi kama mtoto aliyewatoroka wakubwa. Maneno gani yangeyasema hayo? Na itazameni kamera: inamwonyesha mzima, kofia hadi viatu, kisha inakaa naye. Mguu ukitua, unajua ni wake. Inasimuliwa kwamba alikuwa na homa ya nyuzi 39 walipopiga picha zile, naye yumo majini, suti imelowa chepechepe, anatabasamu. Siku hizi nikitazama watu wakicheza kwenye filamu naonyeshwa goti, mara bega, mara uso, na sijui nani kacheza nini. Kelly na Stanley Donen, walioiongoza filamu hii ya 1952, walituheshimu sisi wenye macho.

Debbie Reynolds, anayeigiza msichana yule, alikuwa na miaka 19 tu, na baada ya kurekodi wimbo wa "Good Morning" miguu yake ilikuwa inatoka damu. Donald O'Connor, anayeigiza rafiki wa Kelly, anakimbia ukutani na kupinduka. Hata hayo mnayaruka?

Tena sisi tuliokulia kwenye filamu za Kihindi! Lini tuliuliza kwa nini mtu anaimba?

Haya, nakubali: lile onyesho refu la dansi la Broadway karibu na mwisho linasimamisha hadithi, na bila mcheza dansi Cyd Charisse na gauni lake la kijani ningechoka. Lipo na jingine zito zaidi. Filamu inayomtetea msichana asiibiwe sifa ya sauti yake, yenyewe ilimtumia mwimbaji Betty Noyes kuimba "Would You?" badala ya Reynolds, na jina la Betty halikuandikwa popote kwenye filamu. Hilo silitetei.

Ila mvua ile, jamani. Mwishoni polisi anatokea, Kelly anatulia, anajieleza, anaondoka taratibu. Njiani anakutana na mtu aliyejikunyata kwa baridi, anampa mwavuli, na yule bwana anaharakisha nao. Mgeni wetu hakumwona hata huyo.