Mwalimu mgeni afundishwe na wenyeji kwanza

Nilipopangiwa kituo Simanjiro, wilaya ya Wamaasai mkoani Manyara, nikitokea Tanga, nilikuwa na cheti cha ualimu cha daraja la IIIA, maandalio ya somo yaliyonyooka na imani kwamba mtoto wa darasa la kwanza ni yuleyule popote uendapo. Wiki ya kwanza tu nikamwadhibu mtoto kwa kosa la kunisalimu.

Alikuja mbele yangu asubuhi, akainamisha kichwa, akanyamaza. Nikasubiri shikamoo. Kimya. Nikamsimamisha pembeni ya ubao kipindi kizima, macho chini, mpaka akumbuke adabu. Wakati wa mapumziko mlinzi wa shule, mzee wa Kimaasai, akanivuta kando. "Mwalimu, yule mtoto amekuamkia. Amekupa kichwa umguse, wewe hukumgusa." Kwao mtoto huinamisha kichwa, mkubwa akaweka kiganja utosini, na salamu imekamilika.

Miaka miwili chuoni nilisomeshwa saikolojia ya mtoto, mbinu shirikishi na kufaragua zana. Hakuna mkufunzi aliyeniambia kwamba nikifika kituoni, kabla ya kushika chaki, niulize watoto wa pale wanasalimiaje, wanahesabuje, na nani husema mbele ya nani. Kwangu mimi hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika kumwandaa mwalimu, na semina ya siku mbili mjini haiwezi kuliziba.

Hesabu nayo ilinifunza. Wamaasai wana ishara za vidole, kila namba na mkao wake. Siku moja nikauliza tatu jumlisha tano, mtoto akanijibu kwa mkono. Nikadhani anacheza, nikampita. Jibu lilikuwa sahihi. Alichokosa ni neno "nane" tu. Nami nilishamwandika kwenye rekodi kuwa hajui kuhesabu. Mtoto huyohuyo jioni anarudisha ndama bomani, na akikosekana mmoja anakwambia ni yupi kwa rangi na mabaka yake.

Najua hofu iliyopo. Tanzania ina lugha zaidi ya 120, na tangu 1967 Kiswahili ndicho cha kufundishia shule ya msingi. Kimetufanya ndugu, nami nimekinyonya pamoja na maziwa ya mama. Wapo wanaoona kwamba ukiruhusu Kimaasai, Kisukuma au Kihadzabe darasani unakaribisha ukabila. Lakini kila aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili akaingia kidato cha kwanza anaijua ile wiki: mwalimu wa Baiolojia anaingia na Kiingereza mfululizo, na wewe uliyekuwa wa kwanza darasa la saba unageuka bubu, unanakili ubao usiouelewa. Wengine hawakuwahi kuinuka tena. Mtoto wa bomani anayapitia hayo akiwa na miaka sita, na anaanza na Kiswahili. Kumwambia "andika" kwa lugha ya mama yake katika miezi ile ya mwanzo ni kumshika mkono avuke. Mimi nilimwomba mwanafunzi wa darasa la tano awe anakaa nami vipindi vya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, akinitafsiria, na kwa kweli alinifundisha kazi yangu.

Kuna jingine ambalo halina kabila. Wiki moja niliweka nukta kwa penseli kwenye orodha ya majina kila nilipomuuliza mtoto swali. Darasa lilikuwa na watoto 78, wakati mwongozo wa serikali ni 45. Ijumaa nikaangalia: nukta zilijazana kwa watoto wa wafanyabiashara na watumishi, wale wa madawati ya mbele waliokizoea Kiswahili nyumbani. Wasichana wa nyuma, safu nzima, hawakuwa na nukta hata moja. Sikuwabagua kwa chuki. Nilikuwa nachagua mkono uliopanda upesi, na siku tano zikapita hivyo bila mimi kujua. Niliumia sana.

Kwa hiyo nashauri hivi. Mwanachuo anapokwenda mazoezi ya kufundisha, apelekwe mahali ambako lugha ya nyumbani si yake, na mkufunzi anayemkagua asiishie kwenye andalio la somo. Ahesabu pia ameuliza nani na ameacha nani. Walio kazini wana MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambako walimu hukaa shuleni kwao wakijifunza pamoja kwa moduli za Taasisi ya Elimu Tanzania. Mlango huo umeshafunguliwa. Kikao cha kwanza cha kila mwaka kiongozwe na wenyeji: yeyo, yaani mama wa Kimaasai, anayejua kwa nini binti yake hasemi mbele ya wanaume, mchungaji anayejua mvua ikikata mifugo huhamia wapi na watoto watatoroka lini. Walipwe posho kama mwezeshaji mwingine yeyote.

Yule mzee mlinzi bado yupo getini. Walimu wapya wanne wameripoti tangu siku ile, na wote nimewapeleka kwake kabla hawajapewa ratiba ya vipindi.