Stenlesi Nyuma ya Jiko: Pesa Ianzie Ukutani

Jikoni kunakokaangwa sato kila siku, mafuta huruka mpaka ukutani, yakageuza rangi kuwa njano na kuingia kwenye mistari kati ya vigae, yasitoke tena. Kwa hiyo anayeweka bati la stenlesi nyuma ya jiko hajakosea. Ninachopinga ni kumaliza bajeti yote kwenye bati na kuuacha ukuta ulivyo.

Bati la milimita 0.8 au 1 hufuata ukuta. Kibonde cha milimita tatu huwezi kukiona chini ya rangi, lakini bandika stenlesi, washa taa usiku, uone mwanga unavyojipinda hapo. Laza rula ya alumini ya mita 2 wima, mlalo na mshazari. Uwazi kati ya rula na ukuta ukizidi milimita 2, piga skimu (lipu nyembamba ya kusawazisha) kwanza. Kama ukuta una rangi ya mafuta, ikwangue, maana gundi hushika rangi, na rangi ikibanduka bati linaondoka nayo.

Halafu kuna unyevu. Mwanza tunajenga kwenye miteremko ya mawe, na ukuta ulioegemea mlima huvuta maji masika yote. Bandika kipande cha nailoni cha futi 1 kwa futi 1, ziba pande zote kwa selotepu, kiache siku nzima. Ukikuta matone upande wa ukutani, usibandike kitu. Tafuta kwanza maji yanakotoka.

Dukani nenda na sumaku. Ikinasa, huenda ni stenlesi aina ya 430, ambayo huvumilia chumvi kidogo kuliko aina ya 304. Isiponasa usishangilie bado: 201 nayo kwa kawaida hainasi, na hupata kutu mapema kuliko 304. Dai namba ya aina iandikwe kwenye risiti. Bati zima ni futi 4 kwa 8. Nafasi kati ya slabu ya jikoni na kabati la juu ikiwa sentimita 60, linatoa vipande viwili virefu, basi changa na jirani.

Pima upana sehemu tatu, chukua kipimo kidogo kabisa, punguza milimita 4. Diski ya grainda iwe mpya na ya stenlesi. Iliyokwisha kukata nondo huacha chembe za chuma, nazo ndizo zinazoleta vidoa vya kutu ambavyo watu huvilaumu kwa bati. Kingo zipitishwe tupa mpaka kidole kipite salama. Soketi, kwa maoni yangu, ihamishwe nje ya eneo la bati. Ikishindikana, zima swichi kuu na umwite fundi umeme. Waya uliochubuka ukigusa bati, ukuta mzima una umeme.

Silikoni nunua isiyo ya asidi. Ile inayonuka siki hula chuma. Ipake kwa mistari ya wima, sentimita 15 kati ya mmoja na mwingine, usiizungushe ukafunga pande zote. Hukauka kwa unyevunyevu wa hewa, na ukiifunga, ya katikati hubaki laini muda mrefu. Chini acha milimita 3 kwa vipande vya plastiki vya mafundi vigae. Bati la mita 2.4 likipata joto la nyuzi 40 zaidi hurefuka kama milimita 1.6. Ukiziba mianya ya kingoni kwa simenti, litavimba katikati au simenti itapasuka, kwa hiyo ziba kwa silikoni ileile.

Nyuma ya jiko la gesi usiweke playwudi, hata fundi akisema ndiyo njia rahisi ya kunyoosha ukuta. Ni mbao, na bati hupitisha joto. Jiko la mkaa lisisogezwe karibu na bati kabisa: stenlesi ikiungua hugeuka njano, kisha bluu, na sabuni haiondoi.

Nailoni ya kinga ibandue siku bati linaposhika, kabla ya kuwasha jiko. Ikipata joto huganda. Kusafisha ni sabuni na kitambaa, ukifuata mistari ya bati. Stilwaya na dawa ya klorini viishie chooni.