Limbukeni si mwanagenzi

Mwandishi, katika makala yako vijana wanaoanza kilimo cha zabibu Hombolo, Dodoma, umewaita "malimbukeni" kwa sababu hawajaijua kazi. Umewaonea. Limbukeni ni aliyepata kitu kwa mara ya kwanza kikamlevya: kanunua simu jana, leo mtaa mzima lazima uione. Neno limetokana na kulimbuka, yaani kuonja mazao ya kwanza ya msimu, ila siku hizi mara nyingi ni kejeli. Asiyejua kazi tu, mathalani anayepogoa mzabibu bila kujua abakize macho (sehemu za kuchipua) mangapi kwenye tawi, ni mwanagenzi. Hata VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, husema mafunzo ya uanagenzi. "Mshamba" nalo liache, hasa ukiandika habari za wakulima! "Mjinga" kwa asili ni asiyejua na anafundishika, lakini mtaani ni tusi, utagombana na watu.