Kolabo ya Wawili, Kura ya Nani?

Katika tuzo zinazoamuliwa kwa kura za vijana, kipengele kinachonitatiza zaidi ni kile cha kolabo bora, kwa sababu wasanii wawili wakiungana mashabiki wao nao hujumlishwa, na wimbo wa kawaida wa majina mawili makubwa huweza kuushinda kwa urahisi wimbo bora wa wasanii wanaochipuka.

Likizo iliyopita, hapa Kisumu, nilimtazama mpwa wangu akipiga kura kwa laini tatu, akichomoa moja na kuchomeka nyingine kwa ncha ya sindano kabla hata hajanywa chai. Nilipomuuliza iwapo kolabo aliyoichagua iliwashinda wapinzani wake kwa ubora, alinijibu bila haya kwamba zile nyingine hakuwa amezisikiliza.

Hata hivyo, ni vigumu kumlaumu. Katika muongo wa 2000, wazee wengi walipokuwa wakiiita mitindo ya muziki ya genge na kapuka kelele, tuzo za Chaguo la Teeniz ziliwapa vijana wa Kenya nafasi ya kusema kwamba hiyo ndiyo miziki yao. Wataalamu wa muziki, kama wale wanaopiga kura za Grammy, wanaweza kupima sauti na utunzi, lakini si lazima wajue ni wimbo gani unaorudiwa mara nne ndani ya matatu kutoka Kondele hadi mjini.

Tatizo ni kwamba kura yenyewe si huru kila mara. Tuzo ya Teen Choice ya Marekani, iliyoanza mwaka 1999 kwa ajili ya vijana wa miaka 13 hadi 19, iliruhusu kupiga kura kila siku; kisha mwaka 2014 vijana wakagundua kwamba masharti yaliwapa waandaaji haki ya kuteua mshindi miongoni mwa wanne walioongoza kwa kura, wakalalamika mtandaoni kwamba hawana chaguo lolote. Mimi naona walikuwa na haki ya kukasirika.

Huku kwetu kuna jambo jingine. Kijana wa rap akimshirikisha mwimbaji wa ohangla, muziki wa Waluo, nusu ya wimbo huo hupendwa na watu wazima wanaoucheza harusini Siaya na Homa Bay, nao hawana habari ya kura. Kolabo inayovuka rika, ambayo kwangu ndiyo yenye ujasiri zaidi, huingia kinyang'anyironi ikiwa na mguu mmoja.

Ningewaachia vijana kura yao, mradi kila mtu apige mara moja na idadi kamili itangazwe. Nyumbani kwa mpwa wangu hata sharti hilo lingekwama, kwani laini zote tatu zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mama yake, na wimbo wenyewe dada yangu hajawahi kuusikia.